Midomo ya Buluu

Siku hizi mtu akipita mbele ya hospitali yetu ya Thornshaw anaiona sanamu ya Daktari Honor Catlow juu ya mlango, kichwa na mabega tu, na wageni wanadhani alizaliwa hivyo, wa mawe na wa kuheshimiwa. Hebu niacheni mimi. Mimi Selina Holgate nilimjua akiwa na damu mwilini na matope kwenye sketi, na nilimjua mwaka ule mji mzima ulipotaka afungashe virago arudi kwao. Watoto wa shule wananijia na maswali yao: eti daktari wa kwanza mwanamke bondeni hapa, alipata medali gani? Medali sijui. Ninachokijua ni siku ya midomo ya buluu, na nitaieleza mimi kabla hajaieleza mtu ambaye hakuwepo.

Kwao Honor ni bonde la pili, nyuma ya mlima. Baba yake alikuwa fundi wa viatu vya mti, vile vile tulivyovivaa kwendea kiwandani, na alimlea peke yake tangu mama mtu alipokufa, yeye akiwa msichana wa shule. Wakati ule malkia mzee bado yu hai, na vyuo vingi vya udaktari vilikuwa vinawafungia wanawake mlango usoni. Honor akasoma London kwenye shule ya wanawake wenzake, mtihani akavuka bahari kwenda kuufanyia Dublin, kwa sababu huko walikubali kusahihisha karatasi ya mtu aliyevaa gauni. Kisha akakaa Paris akiinamia hadubini, akitazama vijidudu, mpaka shingo ikapinda. Baada ya taabu zote hizo angeweza kubaki London awapime mapigo wake wa mabwana. Yeye akaja kwetu, kwenye mvua na moshi, awe daktari wa chama cha kufaana cha wafumaji.

Chama kilikuwa chetu wenyewe. Kila mfumaji alichanga, chama kikaajiri daktari, na kila mwaka mwezi wa nane tulikutana kwenye ukumbi wa shule ya kanisa tukanyoosha mikono: abaki au aende. Mwaka ule wa kwanza walimchukua Catlow kwa sababu hakuna mwanamume aliyeitaka kazi. Hilo sanamu halisemi.

Na sisi wanawake, msidhani tulimpokea kwa maua. Kwenye ukumbi wa mitambo kelele ni ya kukutoa masikio, basi mfumaji huzungumza kwa midomo mitupu, bila sauti, na mwenzake humsoma usoni. Tulikuwa tunasengenyana kutoka ncha moja ya ukumbi hadi nyingine bila hata kuacha kazi. Siku ambayo daktari alikuja getini kujitambulisha, Dorcas Pilling, jirani yangu wa mtambo, ambaye mdomo wake hauna kufuli hata usipotoa sauti, alinigeukia akaniambia kwa midomo, mbele ya yule mama: “Miguu ya bata hiyo. Krismasi haimkuti hapa.” Nilijiuma shavu nisicheke. Daktari alitutazama, akatabasamu kidogo, akaendelea kueleza saa zake za kupokea wagonjwa. Tukasema masikini, angejua.

Basi Krismasi ilimkuta, na majira ya kuchipua yakamkuta, ndipo dondakoo likaingia. Sitaki kulielezea sana. Ngozi ya kijivu inaota kooni, sauti inakatika, halafu pumzi nayo inaanza kutafuta njia. Likamchukua Betsy Crabtree, likamchukua Ruth Aspinall aliyekuwa na kitoto kichanga, na wengine likawalaza wiki nzima nzima. Wote wafumaji wa kiwanda chetu cha Providence.

Hapo Enoch Pickup akapata la kusema. Enoch alikuwa fundi, yaani mwanamume anayetengeneza mitambo ikiharibika, na msilichukulie hivi hivi neno hilo. Mfumaji analipwa kwa kitambaa anachotoa. Mtambo ukisimama hupati kitu, na unasimama mpaka fundi apende kuja. Ukimuudhi fundi asubuhi, mtambo wako utalala hadi jioni, naye atapita mara tatu mbele yako akipiga mluzi. Tulikuwa na mafundi wawili, Enoch kwa mitambo ya upande wa madirisha na Abel Kershaw kwa upande wa ukutani. Na mwenyekiti wa chama, bila shaka, alikuwa Enoch. Akaanza kusema kwamba huyo mwanamke anaingia nyumba yenye ugonjwa, anatoka, anaingia nyumba nyingine, na maradhi anayabeba kwenye pindo la sketi yake. Kwamba daktari mwanamume huvaa suruali, suruali haikokoti sakafuni. Watu wazima na akili zao walimsikiliza wakatikisa vichwa kukubali.

Halafu likamshika Martha Ann. Huyo alikuwa binti yake Enoch, mtoto wake wa pekee, mfumaji wa mitambo iliyo upande wangu wa kulia, na mimi nilimpenda kama mdogo wangu. Alikuwa mcheshi, mtu wa kuiga wengine. Akimwiga baba yake anavyotembea na mkoba wake wa spana, ungeacha kazi ucheke. Alhamisi hakuja. Baadaye tukajua kwamba sauti ilikuwa imemtoka tangu Jumanne na hakuna aliyegundua, maana kiwandani nani anaisikia sauti ya mwenzake? Alizungumza nasi kwa midomo siku mbili zile kama kawaida, akatutania kama kawaida, koo linaoza.

Daktari Catlow alikuwa na dawa mpya, ya kuchoma sindano, inayotolewa kwenye damu ya farasi. Aliiagiza London siku ile ile tuliyomzika Ruth, na sasa ilikuwa imefika, imo ndani ya mfuko wake wa kazi. Akaenda nayo moja kwa moja kwa Enoch. Enoch akasimama mlangoni akamwambia kwamba damu ya farasi haitaingia kwa binti yake, na mwanamke aliyeleta maradhi haya hatavuka kizingiti chake. Akamwita mzee Lumb, daktari wa zamani, aliyempaka yule binti dawa kooni kwa brashi, akamwombea, akaondoka.

Ijumaa, tulipofunga kazi, nilikwenda kwa Catlow nikiwa na hasira za kuvunja kitu. Nikamwambia tuuvunje mlango wa Enoch. Wanawake wa kunisaidia ningewapata, Dorcas peke yake angetosha. Akaniketisha, akanimiminia chai.

“Nikivunja mlango huo mmoja, mama Holgate, milango mingine yote ya mji huu itafungwa,” akasema. “Na dawa hii kila siku inayopita inazidi kukosa nguvu. Kesho mchana kuna mkutano. Wakinifukuza kesho, hata wa kumbembeleza Enoch hatakuwepo.”

“Sasa utafanya nini?”

“Enoch anaamini maradhi yanapita kwenye sketi yangu. Nikimwonyesha yanakopita, atanifungulia. Sina ufunguo mwingine.”

Shida ni kwamba na yeye hakujua yanakopita. Alikuwa ametafuta hadi akachoka. Wagonjwa wanakaa mitaa tofauti, wananunua maziwa kwa watu tofauti, wengine ni wa kanisa hili na wengine wa lile, visima mbalimbali. Kilichowaunganisha ni kazi tu. Akaniomba nimweleze kazi yetu tangu mwanzo, kama mtu anayemfundisha mwanagenzi, nisiruke kitu.

Nikamweleza. Kwenye mtambo kuna chombo cha uzi, kipande cha mti laini chenye ncha za chuma. Ndani yake unatia kidonge cha uzi, na mtambo unakirusha chombo huku na huku. Uzi unaisha kila baada ya dakika chache. Basi unatia kidonge kipya, unaweka mdomo kwenye tundu la ubavuni, unafyonza, ncha ya uzi inatokea. Tunaita kubusu chombo. Asiyejua kubusu si mfumaji. Mchana kutwa unabusu, unakula vumbi la pamba, meno ya mbele yanaoza mapema, na mabinti wetu hutaniwa kwamba mume wao wa kwanza ni wa mti.

Akaweka kikombe chini. “Kubusu chombo,” akasema polepole. “Neno hilo nimelisikia tangu niko mtoto mdogo. Nimelisikia mno hata sikuwahi kukaa nikalitazama.” Nilidhani alilisikia dukani kwa baba yake, kwa wateja wa viatu. “Chombo chako kinabusiwa na nani?”

“Na mimi.”

“Na nani mwingine?”

Hapo nikachukia. Nikamwambia chombo cha mtu ni kama kijiko kilicho mdomoni mwake, hakiguswi. Mimi sitii mdomo kwenye chombo cha Dorcas hata niwe nakufa, na akiuliza ukumbi mzima atajibiwa hivyo hivyo. Sisi ni masikini lakini tuna usafi wetu.

“Sawa,” akasema. “Basi tusiwaulize watu. Tuviulize vyombo.”

Akatoa kichupa cha rangi ya buluu. Ndiyo rangi aliyokuwa akiwapaka vijidudu ili waonekane kwenye hadubini, na tone moja tu linatia ndoo nzima rangi. Alitaka niipake ndani ya matundu ya vyombo vyangu asubuhi, nifanye kazi yangu kama kawaida. Kama ni kweli vyombo vyangu haviguswi na mtu, nitatoka kiwandani mimi peke yangu na midomo ya buluu, na yeye atakuwa amekosea, basi. Nikamwambia anywe yeye kwanza. Akadondosha matone kwenye maji, akanywa yote mbele yangu, akajipangusa, midomo buluu tupu. Akaniambia haina madhara ila kesho mkojo wake utakuwa na rangi, na nisiende kuwaambia watu. Nimekaa na siri hiyo miaka yote, leo imenichosha.

Jumamosi asubuhi nikapaka. Nikaanza kubusu, na kabla jua halijapanda Dorcas alikuwa ameshaniona. Akaniuliza kwa midomo nimekula nini. Nikamjibu pai. Ulikuwa msimu wa vitunda vyeusi vya mlimani, na kwetu mwezi wa nane nusu ya mji hutembea na midomo ya zambarau kwa pai hizo, hata mchungaji. Dorcas akanikata jicho, kwamba ninakula pai asubuhi kama tajiri, akaendelea na kazi.

Mikanda ya mitambo ilikuwa mibovu siku ile. Mtambo wangu mmoja ukasimama mapema, Enoch akaja. Macho yalikuwa mekundu, kwa kuwa hakulala, lakini siku hizo kutofika kazini ni kukosa kazi. Akafunga mkanda, akatia kidonge, akabusu chombo, akauendesha mtambo kidogo asikie kama umekaa sawa, akanitikisia kichwa, akaenda kwa Dorcas. Baadaye akarudi tena kwa mtambo mwingine. Nawaapieni, nilisimama pale pale, macho yangu mawili yakitazama, na sikuona kitu. Fundi akibusu chombo kwetu si kubusu. Ni kutengeneza tu, sawa na kushika spana. Mngeniuliza dakika ile ile nani kagusa chombo changu, ningejibu hakuna, na ningepigana na atakayebisha.

Jumamosi mitambo huzimwa mchana, nasi tukatoka moja kwa moja kwenda mkutanoni na vumbi letu kichwani. Kwa desturi tuliketi kama tulivyofanya kazi, watu wa Enoch upande mmoja, watu wa Abel upande wa pili. Ukumbi ule wa kanisa una madirisha makubwa, si kama kiwandani ambako ni taa na vumbi, na mwanga ulikuwa unapiga usoni. Daktari akaingia, akaweka mfuko wake mlangoni, akaketi mbele peke yake. Enoch akasimama kwenye meza ya mwenyekiti.

Akasema yale yale ya sketi. Akataja majina ya waliokufa, na sauti ilimtetemeka, nami hata kwa hasira zangu nilimwonea huruma. Akasema binti yake amelala nyumbani anahangaika na pumzi, na aliyeyaleta haya ameketi hapo mbele na kofia yake. Akaomba wanachama wamwondoe leo hii. Nikatazama watu wa upande wetu. Wote waliinamisha macho. Nani anyooshe mkono kinyume cha fundi wake, halafu Jumatatu mtambo ulale? Niliona wazi kwamba tumeshindwa, na Martha Ann amekwenda.

Ndipo nikamwona daktari anavyomtazama Enoch. Hakuwa akimtazama macho, alikuwa akimtazama mdomo. Nami nikatazama. Jamani, mwenyekiti alikuwa buluu, mdomo wa juu na wa chini, na kidogo kwenye masharubu.

Nikamgeukia Dorcas. Buluu. Nikamuuliza kwa midomo kama amekula pai. “Pai gani? Sijaionja tangu Jumapili,” akanijibu. Akamgeukia aliyeketi upande wake wa pili: “Na wewe Hannah Riley je?” Hannah naye, buluu. Habari ikapita kwenye viti vyetu bila sauti hata moja, wanawake wakisomana nyuso, wakijishika midomo, wakitazama vidole, na Enoch hana habari, anaendelea na pindo la sketi.

Alipoketi, daktari akainuka. Hakupaza sauti. Akaomba kila aliyefanya kazi Providence asubuhi ile atoe ulimi nje. Mnaweza kuwaza wenyewe ukumbi wa kanisa, Wamethodisti watu wazima, wamekaa wametoa ndimi. Upande wa Abel ndimi zilikuwa nyekundu zote. Upande wetu karibu kila ulimi ulikuwa na rangi, mwingine buluu ya kukolea, mwingine kidogo tu pembeni. Kicheko kikaanza, kikafa chenyewe.

Akaeleza. Akasema rangi ile ilipakwa leo asubuhi kwenye vyombo vya mfumaji mmoja tu, kwa hiari yake, na akanitaja. Akasema yeye leo hajakanyaga kiwandani, wala sketi yake. Kisha akataja majina ya wagonjwa wote tangu majira ya kuchipua, mmoja mmoja, na kila jina akauliza alikuwa upande gani. Tukajibu wenyewe. Upande wa madirisha. Upande wa madirisha. Ruth, upande wa madirisha. Hakuna hata mmoja wa Abel.

Enoch alikuwa bado hajaelewa, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Daktari akamwendea mezani, akatoa kioo kidogo kwenye pochi, akampa. Akajitazama. Akafuta mdomo kwa mkono, akautazama mkono.

“Mimi sina ugonjwa,” akasema. “Koo langu ni zima.”

“Hukuugua koo mwaka huu, Bwana Pickup?”

“Pentekoste. Kidogo tu. Likapona.”

“Lilipona kwako,” daktari akasema.

Enoch akaketi. Akaniangalia mimi, akamwangalia Dorcas, akaangalia viti vile viwili vilivyokuwa vya Betsy na Ruth, na nikaona inavyomfikia. Hakuuliza habari za chama.

“Ni mimi niliyempa Martha Ann?”

Daktari angeweza kummaliza pale pale. Miezi mizima Enoch alikuwa amemtukana, na watu wote walikuwa wanatazama. Mimi ningemmaliza, sitawaficha.

“Sijui,” akasema. “Nitajua nikipima, na hata nikijua, hukukusudia, wala mimi sikulifikiria, wala mtu yeyote. Hilo tutalizungumza akishapona. Mfuko wangu uko mlangoni na dawa imo. Niruhusu.”

Enoch akainuka. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kumfungulia mwanamke mlango wala kumbebea mzigo. Akapita katikati ya viti hadi mlangoni, akauinua mfuko wa daktari, akaushika kwa mikono miwili, akasema, “Twende, Daktari. Tafadhali twende upesi.” Wakatoka. Tukasikia viatu vyake vya mti kwenye mawe ya barabara, na vya daktari vinamfuata, halafu vyote viwili vikaanza kukimbia.

Mkutano ukabaki hauna mwenyekiti, watu wanatazamana. Mimi subira sina. Nikapanda kwenye ile meza, nikauliza nani anataka Daktari Catlow abaki, na nikawaambia mwenye kuogopa mtambo wake aogope na koo lake vile vile. Mikono ikainuka upande wetu wote, ikainuka upande wa Abel, na Abel mwenyewe akainua miwili. Walionyoosha mkono kumkataa sikuwaona, na kama walikuwepo sikuwahesabu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomtia kwenye mawe. Alimpima Enoch kooni akawakuta vijidudu wale wale, wamekaa kwake raha mustarehe wala hawamdhuru. Akaandika habari za mtu mzima wa afya anayebeba maradhi bila kujua, akaenda kuzisoma mbele ya madaktari wakubwa wa Manchester, wanaume tupu na sigara zao. Wakamcheka mwaka ule, mwaka wa pili wakamwita tena asome. Baba yake, yule fundi viatu, akapinda waya mwembamba akatengeneza kindoano cha kuvutia uzi tunduni bila mdomo. Wenye viwanda walipiga kelele kwamba kindoano kinachelewesha kazi, na sisi wenyewe tulipiga kelele, maana kweli kinachelewesha. Catlow alipigana nao na akapigana nasi, miaka na miaka, kiwanda baada ya kiwanda. Hospitali aliijenga kwa ubishi mtupu. Mabinti wa bonde hili walipoanza kwenda kusomea udaktari, hakuna aliyewauliza tena habari ya sketi. Lakini mkiniuliza mimi alishinda lini, nitawaambia ni Jumatatu ile, saa ya chakula cha mchana.

Tulikuwa tumesikia tu kwamba sindano imechomwa, basi. Nyumba ya Enoch ilifungwa kwa amri ya daktari, Enoch mwenyewe ndani, hakuna kuingia wala kutoka, naye daktari hakutoka tangu Jumamosi. Kengele ya chakula ilipolia hakuna aliyekwenda kula. Tulijaa barabarani mbele ya dirisha la juu la nyumba hiyo, upande wetu na upande wa Abel, tumesimama tunatazama pazia. Dorcas alinishika mkono akauminya mpaka vidole vikafa ganzi.

Pazia likasogea. Akatokea Martha Ann, mweupe kama shuka, amefungwa shali, daktari amemshika kiunoni. Dirisha limefungwa, wala sauti hakuwa nayo. Lakini sisi tangu lini tukahitaji sauti? Akatutazama barabara nzima, akafungua midomo, akasema polepole ili hata walio nyuma wamsome: “Nina njaa. Leteni pai. Na mwambieni baba aache kulia, supu yote imeingia machozi.”

Mimi niliketi chini kwenye ukingo wa barabara nikalia mbele za watu, na sioni haya kusema. Wanaume walirusha kofia. Hannah Riley tayari alikuwa anakimbia kwenda kutafuta pai.

Nilipoinua macho, daktari alikuwa bado dirishani, nywele zimemtimka, midomo bado ina buluu yake ya Ijumaa kwenye kona. Alikuwa anatafuta mtu katikati yetu. Akampata Dorcas. Akamkazia macho, na midomo yake ikaanza kwenda, bila sauti, safi kabisa, kwa lafudhi ya bonde la pili, vile anavyosema mtu aliyelelewa utotoni na mama mfumaji aliyeharibiwa masikio na mitambo: “Krismasi imepita, mama Pilling. Na miguu yangu ya bata bado iko hapa.”